Nyongeza ya Mama

Siku ya kwanza niligoma kuzama. Si kwa kupenda. Nilikuwa nimevaa suti ya mpira iliyonibana kila mahali, mtungi wa hewa mgongoni, kiunoni mkanda wenye vipande vya risasi, yale madini mazito ya kumvuta mtu chini, na bado nilielea katikati ya ziwa letu kama gogo la mgomba. Mwalimu alikuwa pembeni yangu, dole gumba kalielekeza chini, maana yake tushuke. Nami nilikuwa nashuka, kwa nia na kwa imani, nikirusha miguu na mikono, ila mwili ulibaki juu. Waliokuja kutazama walicheka mpaka wakakaa kwenye nyasi. Mwenzangu tuliyekuwa tunajifunza naye alikuwa ameshazama zamani, mwembamba yule, mifupa mitupu, tunaona mapovu yake tu. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na siku ile nilikosa hata wa kumkasirikia. Nilirudi nyumbani nimenuna.

Niseme kwanza nilifikaje humo majini, maana mwanamke wa Kyerwa mwenye kibanja chake cha ndizi na kahawa hana sababu ya kubeba mtungi wa hewa. Sababu yangu ilikuwa shingo ya mama.

Kijiji chetu kiko juu mlimani, upande wa Isingiro, na ziwa liko chini bondeni. Mama aliteka maji ziwani tangu akiwa msichana mdogo mpaka akawa na wajukuu. Nyuma ya shingo yake kuna nundu, pale ndoo ilipokuwa ikilalia, na akitaka kukutazama aliye kando yake hageuzi shingo, anageuza mwili mzima. Sisi watoto wake tulijifunza kwake. Ngata ya majani makavu ya mgomba kichwani, ndoo juu ya ngata, na juu ya maji unaweka jani bichi ili yasirukeruke njiani. Jani hilo lilikuwa sheria. Ukisahau jani ukafika nyumbani umelowa mgongo, mama alitazama ndoo, akatazama mgongo wako, akakurudisha ziwani bila neno. Nilirudishwa sana mimi. Nilikuwa na haraka kuliko ndugu zangu wote.

Kisha ikaja pampu. Paneli za jua zikasimikwa ufukweni, bomba likaingizwa ziwani, matenki yakajengwa juu kilimani, na koki ikawekwa mita chache kutoka kwenye kibanja chetu. Mimi nikapata kazi ya kuangalia pampu pamoja na huyo kaka mwembamba, mwimbaji wa kwaya ya Kilutheri, mpole kupita kiasi, asiyejua kugombana hata ukimkanyaga. Siku maji yalipotoka mara ya kwanza mama alitundika ngata yake ukutani jikoni. Alisema anaiweka pale ili aione imepumzika.

Kiangazi kilichofuata koki zikakohoa, zikanyamaza. Kule ziwani, bomba linaishia kwenye chujio la chuma lililowekwa juu ya kiti cha zege, kina kama cha nyumba mbili zikipandana. Magugu ya majini na tope vilikuwa vimeliziba. Ikabidi aitwe mzamiaji kutoka Mwanza, naye ana kazi zake, leo anakuja, kesho hapatikani. Tulingoja mpaka njia ya ziwani, iliyokuwa imeshaota nyasi, ikawa nyeupe tena kwa miguu ya wanawake.

Asubuhi moja nikiwa napanda kutoka pampuni nilimkuta mama njiani. Ndoo kichwani, jani juu ya maji. Nilikuwa nimemkataza, na ndugu zangu tulikuwa tumepanga zamu ya kumtekea. Nikamwuliza anatafuta nini huku.

"Maji," akasema, kana kwamba mimi ndiye mjinga. Akapita.

Nilibaki nimesimama pale nikimtazama anavyopanda, na nilichosikia moyoni hakikuwa huruma, kilikuwa hasira tupu. Mimi ndiye mwangalizi wa pampu. Ninavaa fulana yenye maandishi mgongoni. Na mama yangu anapanda mlima na ndoo kwa sababu ya magugu yaliyo mahali ninapoweza kupanyooshea kidole lakini siwezi kupafikia. Nikaapa kwamba kiangazi kingine hakitanikuta juu ya maji nikinyoosha kidole.

Mungu si mchoyo. Mwaka uliofuata tukapata mwalimu. Alikuwa mtoto wa mwenye duka wa hapa jirani Karagwe, babu yake alitoka Pangani akaja kuuza vitambaa na chumvi, wakazaana, wakawa wenyeji. Yeye alipelekwa kwa ndugu zake pwani, akakulia huko na kufanya kazi ya kuzamia. Sasa alikuwa amerudi na gari limejaa mitungi na mashine ya kuijaza hewa, kwa kazi ya bwawa upande wa Kiruruma. Kamati yetu ya maji ikamfuata. Akasema atalisafisha chujio, ndiyo, lakini atakapokuwa amerudi pwani litaziba tena, na sisi tutarudi pale pale. Afadhali awafundishe watu wawili. Wawili, wala si mmoja, kwa sababu mtu hazami peke yake. "Hata mimi sizami peke yangu," alisema. "Akibaki mmoja, ni sawa na hakuna."

Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza. Kuogelea nilikujua, nilijifunza utotoni kwa kuiba, maana mabinti tulitumwa maji, hatukutumwa kuogelea. Mwimbaji wa kwaya naye akasema yumo, kwa sauti ya chini. Watu wakauliza habari za mamba. Tukawaambia mamba na viboko wako mtoni Kagera, hili ziwa letu ni la kambale na magugu. Mwalimu alichotuogopesha nacho ni kichocho, akatupeleka zahanati kabla hata ya kutuonyesha mtungi.

Somo lake la kwanza lilikuwa uzito. Alitandaza vipande vya risasi kwenye nyasi, akachukua baadhi, vingine akavisukuma kando.

"Baharini ningekupa na hivi," akaniambia. "Maji ya chumvi yanakubeba mbelekoni, dada yangu, hutaki kushuka. Haya ya kwenu matamu hayabembelezi mtu. Uzito unapungua."

Kisha akatuonyesha namna ya kupima. Unasimama wima ndani ya maji ambayo miguu haifiki chini, umetoa hewa yote kwenye jaketi. Jaketi hilo lina kitufe cha kulijaza hewa ili uelee na kingine cha kuitoa ili ushuke. Unavuta pumzi ya kawaida, unatulia bila kupiga miguu. Uzito ukiwa sawa, maji yanakuja mpaka kwenye macho, yanakaa hapo. Ukitoa pumzi, unashuka polepole, utosi unafunikwa. Ukizama kabla ya kutoa pumzi, umezidisha. Ukiitoa na bado unaning'inia juu, umepunguza. Mwalimu anaongeza na kidogo cha kufidia hewa utakayoimaliza mtungini, maana mtungi ukiisha hewa unakuwa mwepesi. Basi, hakuna zaidi.

Mimi, kama nilivyosema, nikaning'inia. Jioni mama, akimenya ndizi, akaniuliza shule ya ziwani inaendaje. Nikamwambia mwili unakataa kuzama, nimefungwa risasi lakini wapi.

"Anakupimia wewe, au unajipimia?"

"Ananipimia yeye. Tena anavyo vingi, vingine anaviweka pembeni. Anasema huku vinapungua."

Mama aliacha kumenya. Mtu asiyemjua mama hawezi kuelewa uzito wa maneno yale kwake. Miaka yote mama aliuza maharage na karanga kwenye gulio, ana mizani yake ya sahani mbili na mawe yake ya chuma, na hakuna mtu aliyewahi kuondoka mbele yake na kilo kavu. Mizani ikilingana, anachota kiganja kingine na kumwaga juu. Hiyo ndiyo nyongeza. Kwetu kumpimia mtu mpaka mizani ilale sawa kisha ukakunja mikono ni kumwambia asirudi tena. Mama anaweza kukusamehe ukimtukana, lakini ukimpimia kikavu anakukumbuka mpaka kwenye sala zake.

"Huyo kijana wa watu mpole," akasema, "lakini anapima kikavu."

Nilicheka, nikasahau. Ningejua nisingesahau.

Mwalimu aliniambia ukweli siku ya tatu au ya nne, tukiwa tumekaa kwenye mtumbwi. "Dada, tatizo lako si risasi. Umeficha hewa." Akagusa kifua chake. "Unaogopa, kwa hiyo unavuta, na unachovuta hukiachii. Kifua kimejaa kama mpira. Hapo hata nikikufunga nanga utaelea."

Nikamwambia siogopi. Akanitazama tu, kwa adabu zake za kipwani, mpaka nikaona aibu.

Basi nikajifunza kutoa pumzi ukubwani. Nikipalilia kahawa, natoa pumzi. Nikikoroga uji, natoa pumzi, ndefu, mpaka mwisho. Mwimbaji wa kwaya alinisaidia kuliko alivyojua. Alinifundisha wanavyotoa sauti moja ndefu bila kuikata, akaniambia niimbe kimoyomoyo nikiwa chini. Polepole mwili ukaanza kukubali. Siku moja nikatoa pumzi, maji yakapanda kwenye miwani, yakanifunika utosi, na kukawa kimya. Nilishuka bila kurusha hata mguu. Mwalimu akafungua mkanda wangu siku hiyo hiyo, akaondoa kipande kimoja, akasema sasa hukihitaji, uliyekuwa unamzamisha ni woga. Tukakubaliana naye, mimi na hasira zangu.

Mtihani ukapangiwa siku ya kuondoka kwake. Ulikuwa mmoja tu, mbele ya kamati: tushuke wawili mpaka kwenye chujio, tusimame hapo katikati ya maji kwa pumzi tu, bila kugusa kitufe cha jaketi, bila kupanda, na bila kugusa chini. Chini pale pana tope laini kama uji. Goti moja likiingia, maji yote yanakuwa kahawia, huoni mkono wako, na tope hilo linaenda kulalia chujio lile lile ulilokuja kulisafisha. Tukiweza kusimama, tulisafishe. Tukishindwa, mmoja wetu tu akishindwa, hakuna wawili tena. Koki zilikuwa zimeshaanza kukohoa. Na ngata ya mama, nilishaona, haikuwepo ukutani.

Asubuhi ile tulipima uzito, maji yakakaa kwenye macho, sawasawa. Mwalimu akaridhika. Lakini mwenyekiti wa kamati alikuwa na msiba Kibingo, tukaambiwa tumsubiri, tukavua mitungi na majaketi tukayalaza kwenye nyasi. Mama alikuwa ameshuka na chakula, ndizi na maharage ndani ya majani ya mgomba, bado ya moto. Tulikula kivulini. Mwalimu alimsalimia shikamoo mama, naye akamwitikia marahaba mwanangu, akamjazia, akamwongezea, akamwongezea tena mpaka maskini akashika tumbo. Niliona mama amezunguka kule vilipo vifaa vyetu, nikadhani anavitazama tu.

Mwenyekiti akafika. Tukavaa, tukaingia, mwalimu akitufuata nyuma.

Nilijua mambo yameharibika kabla sijafika nusu ya kina. Nilitoa pumzi kama nilivyofundishwa, nikashuka, lakini si ule ushukaji wangu wa polepole. Nilikwenda kama nimetupwa. Masikio yakaanza kuuma. Nikabonyeza kitufe, nikajaza jaketi, nikasimama kidogo, kisha nikaanza kupanda, tena kwa kasi, nikamwona mwenzangu ananipita yuko chini ya miguu yangu amekodoa macho. Nikatoa hewa. Nikaanguka tena. Chujio nililiona mara moja tu, limevaa ndevu za magugu, halafu magoti yangu yote mawili yakaingia kwenye tope na dunia ikageuka kahawia.

Sikuona kitu. Nilisikia mapovu yangu mwenyewe yanavyokwenda mbio, na nikajua navuta bila kuachia, kama siku ya kwanza. Mkono ukanishika kwenye kamba ya jaketi. Mwalimu. Akaniweka mkono wake mwingine kifuani, akaubakiza hapo, hakunivuta wala hakunisukuma, mpaka pumzi zangu zikatulia. Ndipo tukapanda wote watatu, taratibu, kwa utaratibu wake.

Juu nilitoa mdomoni kile kidude cha kupumulia. Nilikuwa nalia, na ndani ya miwani machozi hayana pa kwenda. Pale ufukweni mwenyekiti alikuwa anatazama saa yake. Nilichokiona ni njia ya ziwani, nyeupe, na mama juu yake, kiangazi hiki na kinachofuata, na mimi na fulana yangu yenye maandishi. Nikamwambia mwalimu samahani. Nikamwambia mtafutieni huyu kaka mtu mwingine.

Mwalimu alitazama mkanda wangu. Alikuwa amekunja uso, anafikiri. "Asubuhi ulikuwa sawa," akasema. "Sawa kabisa. Uzito hauzaliani."

Hapo ndipo sauti ya mama ikaja kutoka ukingoni. Alikuwa ameshaingia majini mpaka magotini, gauni kalikusanya kwa mkono mmoja.

"Bado anaelea?" akamwuliza mwalimu. "Mimi nilimwona amerudi juu. Kama kilo mbili hazikumtosha, ninalo na la kilo moja."

Na mkono wake mwingine ulikuwa umeshika jiwe la mizani.

Tulitazamana, mimi na mwalimu. Kisha akafungua zipu ya mfuko wa jaketi langu, ule wa ubavuni ambao hatukuwahi kuutumia, akaingiza mkono. Akatoa kifurushi cha kipande cha kitenge kilichofungwa vizuri kwa kamba ya mgomba. Ndani yake lilikuwa jiwe la kilo mbili, lile la gulioni, kingo zake zimelika, nalijua tangu sijaanza shule. Alikuwa ameliweka wakati sisi tunakula. Ndani ya jaketi lenye mtungi mzito nani angelisikia.

Mwimbaji wa kwaya ndiye aliyeanza kucheka, na alikuwa hacheki hovyo. Akacheka mpaka ikabidi ajaze jaketi lake asizame. Mimi nilitaka kukasirika, nilijaribu kweli kweli. Nikamwuliza mama kwa ukali, kwa nini.

"Nilikuwa nakuona unarudi umenuna kila siku," akasema. Sasa alikuwa ameshaelewa kuna jambo, na sauti yake ilishuka. "Ukasema huzami. Ukasema anavyo vingine lakini hakupi. Nikasema leo kuna watu, mwanangu asiaibike mbele za watu kwa kupimiwa kikavu."

Sikuwa na hasira tena hapo, hata ya dawa. Kuna watu wameishi maisha yao yote wakisubiri kupewa nyongeza na hawakupewa. Mimi nilifungiwa yangu kwenye kitenge na kupigiwa fundo, na mwanamke ambaye uzito ndio uliomvunja shingo. Kile alichokuwa nacho cha kunipa ndicho alichonipa. Nilimpenda mama pale kuliko siku zote, nikiwa nimelowa tope mpaka kwenye meno.

Mwalimu aliogelea mpaka kwake. Hakumcheka, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Alimkabidhi jiwe lake kwa mikono miwili. "Mama," akasema, "hii ni nyongeza kubwa, nimeiona. Ila huyu nilishampimia na nyongeza yake ndani, ya kufidia hewa inayopungua. Ukimwongezea tena anapitiliza anakokwenda."

"Kumbe uliweka?" mama akauliza.

"Niliweka, mama. Sipimi kikavu mimi, bibi yangu angenifukuza."

Mama akaridhika. Akamwangalia kwa jicho jipya, akarudi ukingoni na mawe yake mawili.

Mwenyekiti aliuliza kama tumemaliza, maana msiba ulikuwa unamsubiri. Mwalimu akatazama kipimo cha hewa kwenye mtungi wangu, akatazama cha mwenzangu. Mitungi mingine ilikuwa imeshafungwa garini kwa safari. Angeweza kusema ndiyo, tumemaliza, akaondoka na jua. Akasema, "Bado. Hewa iliyobaki inatosha mara moja, wakipumua kama watu wazima." Akanigeukia. "Dada, kilichoshindwa kule chini si wewe. Lilikuwa jiwe. Twende."

Tukangoja tope litulie. Kisha nikatoa pumzi, ndefu, mpaka mwisho.

Maji yakaja kwenye macho, yakanifunika utosi. Nikashuka polepole, nikaweka hewa kidogo kwenye jaketi kadiri suti inavyobanwa na kina, kisha nikaondoa kidole kwenye kitufe. Chujio likatokea kwenye ukungu. Nilivuta pumzi, nikapanda kiasi cha upana wa kiganja. Nikaitoa, nikashuka kiganja hicho hicho. Nikaimba kimoyomoyo ile sauti moja ndefu. Na pale katikati, si juu wala chini, mwili wangu ukasimama.

Sijui nielezeje. Tangu nipate akili nimekuwa nikibeba au nikibebeshwa. Ndoo, kuni, mikungu ya ndizi, mtoto wa dada, gunia la kahawa. Pale nilikuwa na mtungi wa chuma mgongoni na risasi kiunoni na hakuna kilichonilemea. Shingo yangu ilikuwa huru, naweza kuigeuza popote. Nikaigeuza, kushoto, kulia, kwa makusudi. Nikamfikiria mama. Nikasema Mungu asante, na maneno yakatoka mapovu.

Mwalimu alikuwa anahesabu kwa vidole mbele ya uso wangu, akafika mwisho, akanipa ishara ya duara kwa kidole na gumba, maana yake sawa. Akampa mwenzangu naye. Kisha akarudi nyuma, akakunja mikono kifuani, akatuachia. Tulilichambua lile chujio kwa visu na brashi, gugu baada ya gugu, bila kugusa chini, mpaka matundu yakaonekana. Tulipopanda hatukuwa na hewa ya kuchezea.

Jioni ile aliondoka. Mama alimfungia kahawa ya kutafuna na senene wa kukaanga, na akapima mwenyewe, mnaweza kujua alivyopima.

Asubuhi tukawasha pampu. Nilipanda mlima mbio, mimi na maji tukishindana, yeye kwenye bomba na mimi kwenye njia. Nilipofika kwenye koki yetu wanawake walikuwa wameshapanga ndoo, na mama yuko wa mbele. Koki ikakohoa, ikatema hewa, ikatema uchafu, kisha maji yakaja, meupe, yakatulia kuwa safi.

Ndoo ya mama ikajaa mpaka ukingoni. Nikanyoosha mkono nifunge koki, akanishika mkono. Maji yakapanda, yakafanya mgongo juu ya ukingo, yakaanza kumwagika pande zote, kwenye mchanga, kwenye miguu yake. Wanawake waliokuwa nyuma wakasogea kutazama. Mama, aliyekuwa anaturudisha ziwani kwa tone, aliyatazama yakimwagika mpaka akaridhika. Ndipo akafunga mwenyewe.

Alitaka kujitwisha, nikamnyang'anya. Ngata nikaiweka kichwani mwangu, nikachuma jani la mgomba lililokuwa karibu nikalilaza juu ya maji, kama sheria. Akaliokota, akalitupa.

"Acha yamwagike," akasema. "Yapo."

Nikajitwika ndoo hivyo hivyo. Nilifika nyumbani nimelowa mgongo wote, na safari hii hakunirudisha.